Usukani wa Pikapu ya Obura

Kariobangi South, Nairobi
11 Februari 1996

Ndugu yangu Wasike,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo Jumapili, wewe na mama watoto na wote wanaolala chini ya paa lako, na zaidi Mama. Sisi huku tu wazima. Awuor ameingia kidato cha kwanza na kila asubuhi analia kwa sababu ya hesabu. Namwambia mimi niliishia darasa la saba na sikufa, lakini hilo halimfariji. Mvua hakuna. Vumbi la Kariobangi linaingia mpaka kwenye ugali.

Sasa nikwambie lililo moyoni. Obura alipoachishwa ile kazi ya karani wa stoo alipewa kitu kidogo, na badala ya kukaa akikitazama kikiisha, akanunua pikapu. Nzee, rangi ya maziwa yaliyoganda. Najua utauliza mbona hakukuita uitazame kwanza. Hata mimi nilimwuliza. Akasema, "Kwani mimi ni mtoto?" Mume aliyetoka kupoteza kazi humwulizi mara mbili.

Kutembea gari linatembea. Linabeba vitanda na makabati ya watu wanaohamia Komarock, na Jumapili linabeba ngoma za kwaya. Shida ni usukani. Unacheza. Unauzungusha karibu robo nzima na magurudumu bado yanatazama mbele kama hayajasikia, halafu yanasikia yote kwa mara moja. Juzi lori lilitujia kwenye barabara ya Outer Ring, nikashika dashibodi nikaanza wimbo. Obura akaniuliza, "Unaimba nini?" Nikamwambia, naaga.

Wasike, ningecheka kama si Mama. Jicho lake la kushoto limekwisha, hilo tumelikubali. La kulia, unakumbuka daktari aliyemwona Desemba alisema presha imepanda ndani yake, na lisipopasuliwa kabla ya katikati ya mwaka nalo litazima, na likizima halirudi. Sasa tumepewa tarehe: 24 Aprili. Kabla na baada ya hapo ni kliniki kila wiki. Matatu hawezi, haoni mguu anauweka wapi. Kwa hiyo ni pikapu. Kulala atalala mtaa wa Ziwani kwa Rispa, yule mjane wa kanisani kwetu, maana najua hawezi kulala kwa mkwewe. Hilo nimelipanga.

Wewe uliendesha malori miaka ishirini na kuyatengeneza kwa mikono yako. Niandikie jinsi ya kuondoa huo mchezo kwa gharama ya mtu asiye na kazi. Niandikie kama unavyomwandikia asiyejua kitu, mimi nitamsomea Obura na fundi wakiwa kazini.

Na moja tena. Mbele kuna nafasi ya watu watatu. Mama hawezi kukaa mlangoni, mimi katikati, Obura kwenye usukani? Mchungaji wetu anasema mila hii ya mama mkwe na mkwe kukimbiana ni ya zamani, na sisi tumeokoka.

Ni mimi ninayewaombea kila magoti yangu yanapogusa sakafu,
Dada yako Nekesa


Bumula, Bungoma
2 Machi 1996

Dada Nekesa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Tumshukuru Mungu, tumeanza kulima. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Kinu changu cha kusaga kilikaa wiki mbili bila mkanda, sasa kimerudi kupiga kelele na watu wamerudi kunisalimia. Mama anakula vizuri. Anachambua maharagwe kwa vidole tu na hakosei hata jiwe moja, lakini jioni namwona akipitisha mkono mbele ya lile jicho lililobaki, akilijaribu.

Kuhusu gari. Usukani kucheza si ugonjwa mmoja. Kutoka mkononi mwa dereva mpaka kwenye gurudumu kuna viungo vingi, kila kimoja kimelika kidogo, vikijumlishwa unapata robo yako hiyo. Kwa hiyo msinunue kitu kabla ya kutafuta. Kutafuta ni bure. Gari lisimame mahali pa sawa, magurudumu yote chini, injini imezimwa. Mmoja akae ndani atikise usukani kushoto na kulia, kidogo tu, palepale unapocheza. Mwingine alale chini aweke vidole kwenye kila kiungo, kama daktari anayetafuta mapigo. Fimbo moja ikisogea na ile iliyoshikana nayo ikachelewa, ndipo hapo. Mara nyingi ni ncha za tairodi, fimbo inayogeuza magurudumu, kule inapoyashika. Na kuna ule mkono mfupi wa upande wa abiria, ndani yake mna bushi, kipete cha chuma cha kuushika, na bushi ikilika mkono wote unapanda na kushuka. Ncha mtapata za mtumba kwa wauza vipuri wa Grogan, mchague isiyolegea mkononi. Bushi msinunue. Hapo Kariobangi wako watu wa mashine ya kukereza, wapelekeeni ya zamani wawakerezee mpya. Nati ikirudi, iwekwe splitipini, ile pini ya miguu miwili, si msumari. Mwisho pimeni magurudumu ya mbele kwa kamba, upana wa mbele na upana wa nyuma vilingane, la sivyo tairi zitaliwa upande.

Sasa hili ulisome mara mbili. Juu ya boksi la usukani kuna skrubu yenye nati. Isiguswe. Mwambie huyo mume wako mwenye mikono ya kalamu aiache kabisa, maana mtu asiyejua chuma akiona skrubu lazima aikaze, ajione fundi. Ikikazwa, mchezo unaonekana umekwisha, kumbe umenunua ubaya mwingine.

Kuhusu Mama kukaa mbele: hapana. Mimi pia nimeokoka, tena ni mzee wa kanisa. Lakini watu wa hapa wana macho mpaka Nairobi, na watoto wa shangazi wako huko Kariobangi. Isije ikasemwa mama yetu alibanana kiti kimoja na mume wa binti yake. Nyuma kuna nafasi. Wekeni godoro. Amekaa nyuma ya malori ya pamba tangu ujana wake.

Mungu awatangulie,
Wasike


Kariobangi South
24 Machi 1996

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako ilinikuta nikifua, nikaisoma na mapovu mikononi. Tunamshukuru Mungu kwa ndama. Awuor amepata kumi na nane kati ya mia katika hesabu, na anasema imepanda.

Jumamosi tarehe 16 tulipeleka gari kwa Kiilu, fundi Mkamba wa kule Light Industries ambaye mke wake tunaimba naye. Nilikuta debe nikakaa, nikawa nawasomea. Kiilu chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, Obura ndani akitikisa usukani.

"Mathee, rudia hapo pa vidole," Kiilu ananiambia.

Narudia.

"Huyu jamaa anajua gari! Ako wapi tumwandike kazi?"

"Ako Bumula anasaga mahindi," Obura akasema kutoka ndani. "Anatuendesha kwa stempu."

Nilicheka, naye akacheka, na Wasike nakwambia ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba kusikia mume wangu akicheka na watu. Alikuwa amekunja mikono ya shati. Alikuwa na grisi mpaka kwenye sikio.

Wakaipata. Ncha moja ya tairodi ilikuwa inatingika kama jino la mtoto. Kiilu akaweka nyingine, na splitipini, si msumari. Bushi nayo imelika, akaitoa aone, akairudisha, akasema Jumatatu atatupeleka kwa mkerezaji. Lakini Jumatatu Obura alikuwa na mzigo wa kuhamisha, na baada ya hapo mwingine. Basi ile Jumamosi Kiilu alipoenda kunywa chai, Obura akaona bado unacheza kidogo, akamalizia mwenyewe kule juu kwenye boksi. Sasa ni kama gari jipya! Unagusa tu, gari linasikia. Umetulia sana, hata ukikata kona unabaki hapohapo mpaka uurudishe kwa mkono. Obura analitembeza mtaa mzima akitafuta wa kumwonyesha.

Nimekuelewa kuhusu Mama kukaa nyuma. Sikukubali moyoni, lakini wewe ndiye mkubwa. Godoro nimepata kwa Rispa.

Tumekubaliana basi la Jumanne tarehe 16 Aprili, tutampokea stendi ya Machakos hapa mjini. Umfunge leso kichwani, asubuhi huku kuna baridi.

Nakushukuru kwa kila neno uliloandika. Niliwasomea yote.
Nekesa


Bumula
15 Aprili 1996

Nekesa,

Barua yako nimeipata Ijumaa, imekaa posta ya Bungoma sijui kwa nini. Sina nafasi ya salamu nyingi. Nyumbani ni wazima.

Obura amekaza skrubu. Niliandika isiguswe na ameigusa. Usukani ukikata kona na kukataa kurudi wenyewe, hiyo si kutulia. Boksi limebanwa, meno yanashikana. Barabara iliyonyooka utalisifu, kwenye kona moja kali litashika na dereva hatakuwa na nguvu wala muda wa kulirudisha. Na kule mbele bushi bado ni ileile mbovu.

Mama asipande gari hilo. Narudia, asipande, mpaka Kiilu mwenyewe ailegeze skrubu ile magurudumu yakiwa yameinuliwa juu, azungushe usukani kutoka mwisho mpaka mwisho bila kusikia mahali unaposhika, ndipo afunge nati. Halafu bushi. Kazi ya asubuhi moja. Siku hiyo mchukulieni teksi, mtakopa kanisani.

Naiweka barua hii kwenye kikapu cha Mama kwa sababu ikienda kwa posta itakufikia Mei. Yeye sijamwambia kitu. Anaogopa kupasuliwa, anatafuta sababu yoyote ya kubaki, nikimwambia gari ni bovu hatatoka kitandani. Ningekuja naye, ila kesho ni siku ya soko na kinu hakina mtu.

Wasike


Kariobangi South
28 Aprili 1996

Wasike,

Mungu akupe nguvu uisome barua hii ukiwa umekaa.

Telegramu uliyopata ilisema Mama ameumia, hali si mbaya. Ndivyo yule karani wa posta alivyonishauri, maneno machache. Sasa nakueleza.

Basi lilifika saa kumi na moja asubuhi. Mama alishuka na gunia la mahindi, kuku wawili na kile kikapu, na leso kichwani kama nilivyosema. Akaniuliza, "Mkwe wangu yuko wapi?" Nikamwambia yuko ndani ya gari, ametazama mbele. Akacheka. "Mwambie asigeuke, napanda kama ng'ombe." Obura alikaa vilevile, mikono kwenye usukani, hakugeuka hata kichwa. Wakasalimiana kupitia bati: Mama aligonga mara mbili, naye akagonga mara mbili. Nikampandisha Mama kwenye godoro, nikakaa naye nikiwa nimemshika mkono. Akaniambia anaona taa za mji, nyekundu na nyeupe. Alizihesabu.

Kwenye raundabauti ya Jogoo Road Obura alikata kona kulizunguka lile duara, na gari likaendelea kukata. Halikunyooka. Nilimsikia akipiga kelele ndani, "Rudi! Rudi!" kama anamwambia mtu. Likapanda ukingo. Mimi nilishika chuma cha ubavuni kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili nilikuwa nimemshika Mama, na mkono huo ndio uliochoka. Alianguka barabarani kwa upande wa kulia.

Nyonga imevunjika. Wamemlaza chali, mguu wameutundika na kuufunga mawe. Obura hana hata mkwaruzo.

Tarehe 24 imepita. Daktari wa macho alikuja wodini, mtu mpole, akasema hawezi kumpasua mgonjwa aliyetundikwa hivyo. Ametoa dawa ya matone, na tuombe.

Kikapu nilikifungua siku ya tatu kwa sababu ya harufu ya maziwa. Chini ya unga wa wimbi nikakuta barua yako. Ilisafiri naye usiku kucha, ikakaa mapajani mwake kwenye godoro. Wasike, ulijua. Ulijua ukampandisha basi, ukamsindikiza na karatasi. Kinu kina mtu gani leo?

Na kama angekaa mbele na mimi. Sisemi zaidi.

Nekesa


Bumula
19 Mei 1996

Kwa Nekesa,

Salamu. Mvua ni nzuri, mahindi yamefika magotini.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, na nimesimama baada ya kuisoma. Unaniuliza habari ya kinu. Mimi nakuuliza habari ya tarehe 2 Machi. Niliandika kwa mkono wangu, nikakwambia usome mara mbili, kwamba skrubu isiguswe. Wewe ukaandika tarehe 24 Machi, naishika hapa: "Niliwasomea yote." Kama uliwasomea yote, basi mume wako alisikia akafanya kusudi, na huyo si mtu wa kuombewa. Kama hukuwasomea, sema.

Kuhusu Mama kukaa nyuma, nililinda heshima yake na yenu. Wanawake wote wa hapa hukaa nyuma na hufika.

Nimetuma kitu kidogo cha hospitali kwa mkono wa kondakta. Kuja siwezi kwa sasa, palizi imeanza.

Wasike


Kariobangi South
7 Julai 1996

Ndugu yangu Wasike,

Nakusalimu. Bado nakuita ndugu yangu, hata kalamu ikisita. Awuor hajambo, ameacha kulia. Siku hizi akitoka shule hupitia kwa Rispa kumchana bibi yake nywele.

Nimekaa na barua yako wiki sita. Nimeomba, nimefunga, nimeiweka ndani ya kitabu cha nyimbo nikaitoa tena. Umeuliza, nami nitajibu, na usinijibu haraka.

Sikuwasomea yote.

Nilikuwa nimekaa kwenye debe, Kiilu yuko chini, Obura ndani anasikiliza. Nilikuwa nikisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, natia kidole nisipotee. Nikafika kwenye kamba ya kupimia. Jicho langu likatangulia likaona "mikono ya kalamu." Likaona "ajione fundi." Wasike, huyo mtu alikuwa na grisi mpaka sikioni. Miezi mitano, kila siku isiyo na mzigo, alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja akitazama mlango. Ningemsomeaje hayo mbele ya mwanamume mwingine? Nikasema kimoyomoyo nitampa lile la skrubu baadaye, peke yetu, bila matusi. Nikaruka nikasoma "Mungu awatangulie." Wakasema amina. Kisha Kiilu akaenda chai, na mimi nikaenda kumnunulia Obura mandazi. Niliporudi alikuwa anafuta bisibisi, anatabasamu. Na mimi sikusema. Niliona alivyofurahi, nikajiambia, kwani si skrubu tu?

Nimemwambia Obura haya mwezi uliopita. Hakunipiga, hakunigombeza. Alisema tu, "Hata wewe uliona mikono yangu ni ya kalamu, ndiyo maana ukanificha." Kesho yake akaliuza gari kwa watu wa vyuma chakavu. Kila asubuhi anatembea kwa miguu mpaka Ziwani, anasimama nje ya nyumba ya Rispa, kofia mkononi. Kuingia hawezi, Mama yuko kitandani na yeye ni mkwe. Anauliza kupitia dirishani, "Mama ameamkaje?" Mama anajibu, "Nimeamka, baba." Basi, anarudi. Amekaa na neno la kuomba msamaha karibu miezi mitatu na hajui alisemee wapi.

Kwa hiyo langu ni hilo. Nimelibeba na nitalibeba mbele ya Mungu. Lakini kama ungeandika "skrubu isiguswe" ukaweka nukta, ningelisoma kwa sauti mpaka wa barabarani wasikie. Uliifunga dawa ndani ya tusi, Wasike. Na ya kikapu hukunijibu. Nilikuuliza ukanijibu palizi.

Mama alitolewa hospitali tarehe 20 Juni. Mguu wa kulia umekuwa mfupi, hatasimama bila kushikwa. Na jicho limezima. Hakutuambia siku yenyewe. Rispa ndiye aliyegundua, alimpa chai akaona anaipokea pembeni ya kikombe. Tulimpeleka kwa yule daktari, akaliangalia na taa yake, akaizima taa, akamshika Mama bega. Hakuna la kupasua tena.

Jana Mama aliniambia nimsomee barua zako zote, tangu mwanzo. Nilimsomea kila neno, la skrubu, la mikono ya kalamu, la yeye kukaa nyuma, na ile iliyokuwa kwenye kikapu chake. Hiyo aliniambia niirudie. Kisha akasema, "Alinifunga leso mwenyewe jioni ile, mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nilidhani ni baridi."

Anasema uje. Hataki karatasi. Anasema nikisoma anasikia sauti yangu, hasikii yako. Njoo hata siku moja, Wasike, ukae kando ya kitanda useme lolote lile. Hata ukimwambia habari ya ng'ombe.

Dada yako,
Nekesa


Bumula
4 Agosti 1996

Dada Nekesa,

Pokea salamu za kila mtu hapa. Tuko salama. Mavuno yanaonekana yatakuwa mema. Kanisa limenichagua kuwa mwenyekiti wa ujenzi, tunaezeka mabati kabla ya Desemba, kwa hiyo siku zangu si zangu tena.

Barua yako nimeipokea. Kuhusu mstari ule ambao hukuusoma, nimeomba na nimekusamehe. Nimemsamehe na Obura pia, mwambie. Tusirudi tena huko. Yaliyompata Mama ni mapenzi ya Mungu, nasi tuyapokee kama Wakristo.

Mwambie Mama mavuno yakiisha nitaangalia. Natuma gunia moja la mahindi na debe la maharagwe kwa basi la Alhamisi, yapokeeni Machakos. Maharagwe hayajachambuliwa.

Wasike


Kariobangi South
25 Agosti 1996

Wasike,

Mahindi na maharagwe yamefika. Awuor hajambo, Obura hajambo.

Barua yako nilimsomea Mama Jumapili baada ya ibada, Rispa akiwepo. Nilisoma polepole, sikuacha kitu, hata la mabati. Nilipofika kwenye msamaha wako akanizuia kwa mkono.

"Amekusamehe wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Obura?"

"Na Obura."

"Na yeye je, ameomba msamaha?"

Nikaipindua karatasi, nikatazama na nyuma. Nikamwambia hakuna zaidi, imeishia kwenye maharagwe.

Kisha akaniomba nimgeuze alale akielekea ukutani.

Nekesa